Pwani ya Watu wa Bunia

Sisi wa Bunia nasi tuna pwani yetu, msitucheke. Unateremka bondeni hadi Kasenyi, na pale Ziwa Albert linakungoja, mita 600 na ushee juu ya bahari ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona. Enzi za Rais Mobutu ziwa lilibatizwa jina la rais mwenyewe. Nyumba za wageni hazikupewa hata bomba.

Nililala katika moja, ya bei nafuu kweli. Ndoo ya maji, kopo, chandarua chenye tundu la kupita kuku. Na kuku alipita. Usiku wa manane akatagia kwenye kiatu changu cha kushoto. Nikamwita mama mwenye nyumba.

“Papa, huyu ni mwenyeji,” akanijibu. “Wewe ndiye mgeni.”

Mbuzi alikuwa mlangoni, amelalia taulo yangu.

Nasikia Ulaya mtu huongeza pesa ili alale hotelini na mbwa wake. Sisi tunalazwa na zizi zima bila nyongeza, kunguni wakiwa bakshishi.

Asubuhi nilikaangiwa yai. Lilikuwa lile lile, na nikalipishwa.