Mshauri Ajibu: Mshahara wa Ng'ambo ya Mto

Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani, mkazi wa Mangobo, aliye karani wa hesabu kwa mwaka wa 2 sasa, anauliza kama ahamie kwa mwajiri wa Lubunga, ng'ambo ya mto, anayemwahidi dola zaidi.

Wanaoweza kulijibu swali hili kwa ukamilifu ni wachache, na miongoni mwao Mshauri wa safu hii, kwa kukiri kwa wengi, yeye mwenyewe akiwamo, hushika nafasi ya kwanza. Kuhama kazi mapema mara nyingi huongeza kipato kwa sababu mwajiri mpya hulazimika kutaja bei ya leo, ilhali wa zamani huendelea kulipa ile ya siku alipomwajiri mtu. Kwa mfano, Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa Kisangani mji ulipoitwa Stanleyville, alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1957 akiuza bia ya Polar, na Juni 1960 akawa waziri mkuu wa Kongo. Ila kati ya posta na bia alipitia gerezani, hatua ambayo Mshauri haipendekezi hata kwa mwenye kuhitaji likizo. Wala si pesa tu inayomhamisha mtu: Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alikubali mwaka 1887 kuwa liwali wa Stanley Falls, eneo la hapa hapa, kwa pauni 30 kwa mwezi, kiasi ambacho kwa mwenye misafara ya pembe za ndovu kilikuwa chumvi ya kuonjea tu, kwa maana alichokitafuta kilikuwa cheo. Wanahistoria wamelieleza jambo hili kwa kurasa nyingi. Mshauri amelimaliza kwa sentensi moja, na hajadai nishani.

Dawa yenyewe ni hii. Msomaji aende kwenye maporomoko ya Wagenia, ambako wavuvi hutundika migono, yaani mitego mikubwa ya fito yenye mdomo mpana, kwenye magogo yaliyosimikwa katikati ya maji makali, na aombe ruhusa ya kuning'iniza humo suruali yake ya usaili kwa usiku 3. Ikitoka na samaki, mwajiri mpya ni mkarimu. Ikitoka na maji, ni mwajiri wa kawaida. Isipotoka kabisa, msomaji atahudhuria usaili kwa kikwembe cha dada yake. Mbinu hii, aliyoibuni Mshauri mwenyewe, haijawahi kushindwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuijaribu.

Wasioamini mitego hutegemea Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kwa mkataba usio na kikomo, mwajiri anayemwachisha mtu kazi hutoa preavi, yaani taarifa ya mapema, ya siku 14 za kazi pamoja na 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na mfanyakazi anayeondoka hutoa nusu yake. Hivyo msomaji akishatimiza miaka 2 kamili atadaiwa siku 14 za kazi. Tena kazi mpya huanza kwa majaribio yanayoweza kufika miezi 6, na dola za Lubunga zinapaswa kupunguzwa nauli ya toleka, ile baiskeli ya abiria, na ya mtumbwi, kwenda na kurudi, kila siku ya kazi.

Nafasi iliyobaki ilitengewa hesabu hiyo, lakini imeliwa na sifa za Mshauri, zisizopunguzika. Basi msomaji ahame, au abaki. Akihama, adai cheti cha mwisho wa utumishi, ambacho mwajiri wa zamani analazimika kukitoa, na avuke kabla mvua haijanyesha.