Hoteli ya Familia, Familia Ipungue

Maharusi wa Dar siku hizi hawataki ukumbi wa Sinza. Wanataka Paje, Unguja, mchanga mweupe, na kadi ya mchango inakuja vilevile. Hoteli, tumeambiwa, inapenda familia. Kweli inapenda, ila familia yenyewe ni baba, mama na watoto wawili wasiozidi miaka 12. Shangazi mwenye hotipoti hayumo. Chakula cha nje marufuku, kwa hiyo pilau ya akina mama inabaki bara pamoja na akina mama wenyewe, waliochanga hadi wakakosa nauli ya boti.

Kamati ilichagua ufukwe kwa picha za maji yaliyojaa. Ratiba ya bahari hakuna aliyeiuliza. Pwani ya mashariki maji yakitoka yametoka kweli; huko Nungwi na Kendwa hayakimbii hivyo. Basi saa ya picha, bibi harusi na shela lake, mbele ni vijiti vya mwani na mama mmoja kainama anavuna. Mpiga picha akamwomba asogee kidogo.

"Sogeeni nyinyi, mwanangu. Mimi niko kazini."