Wategemezi Wasiohesabika

Houston, 2025

Ijumaa, Januari 31
Leo ndiyo siku ya mwisho kwa mwajiri kumtumia mfanyakazi W-2, karatasi inayoonyesha mwaka mzima umelipwa kiasi gani na umekatwa kiasi gani. Yangu imeingia kwenye sanduku la barua la jirani wa ghorofa ya juu, Mkongo wa Bukavu. Ameifungua akidhani ni yake, akaisoma yote, kisha akaniletea na kunipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, "Ya mshahara, ndugu yangu."

Jumanne, Februari 4
Fomu nyingine imekuja kwenye simu: 1099-NEC, ya kazi yangu ya jioni ya kupeleka chakula kwenye milango ya watu. Kampuni inasema mwaka 2024 imenilipa dola 5,210, na kodi haijakata hata senti. Ghalani ninakofanya kazi mimi ni mwajiriwa. Jioni nikishika usukani nageuka mfanyabiashara. Binamu ninayeishi naye aliposikia kwamba mimi ni mfanyabiashara aliniomba nimkopeshe dola mia mbili.

Jumatano, Februari 12
Mama amesikia kwamba Marekani serikali huwarudishia watu pesa kila mwaka. Ametuma ujumbe wa sauti mrefu, katikati yake jogoo anawika. Nimemweleza kwamba hiyo si zawadi. Ni kodi iliyokatwa kupita kiasi kwenye mshahara. Serikali imekaa na pesa yako mwaka mzima bila riba, sasa inakurudishia chako. Amenisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya baba, ikirudi tununue bati."

Jumamosi, Machi 8
Nimekwenda maktaba, kwenye meza za VITA, mpango ambao watu wa kujitolea waliofunzwa huwajazia kodi bure wenye kipato cha wastani kwenda chini. Mwaka huu mpaka unazunguka dola 67,000, na mimi niko mbali sana na huo mpaka. Nimefunga. Aliyekaa mbele yangu alikuwa na ndoo ya kuku wa kukaanga, akanikaribisha kwa moyo mweupe kila baada ya paja. Zamu yangu ilipofika wakataka kadi ya Social Security yenyewe, si picha ya kwenye simu. Kadi nimeihifadhi vizuri, kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo anao binamu. Binamu yuko Dallas.

Jumapili, Machi 9
Usiku wamesogeza saa mbele. Saa yangu ya ukutani haikuarifiwa. Daku imenipita.

Jumamosi, Machi 15
Kadi ipo. Nimepangiwa mama mmoja mstaafu, mwenye miwani ya kamba, anayeandika kwanza kwa kalamu ndipo aguse kompyuta. Kwetu Tanzania nilikuwa nakatwa kodi ya PAYE na mwajiri, mambo yakaishia hapo. Sikuwahi kukaa na mtu akaniuliza maisha yangu.

Alianza na ndoa. Hali yako ya tarehe 31 Desemba ndiyo inayohesabiwa kwa mwaka mzima. Aliyeoa siku hiyo jioni ameoa tangu Januari, na mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku anahesabika ameishi na wazazi wake mwaka wote. Nikamwambia nina mchumba. Mchumba hana kisanduku.

Akauliza kama kuna watu wanaonitegemea. Nikavuta pumzi nikaanza: mama, wadogo zangu wawili, mmoja yuko chuo Dodoma, shangazi mwenye kisukari, watoto wa marehemu kaka, na mjomba, ambaye chakula anacho, ananitegemea kwa vocha tu. Aliandika mpaka akafika kwa mjomba, ndipo akauliza wanaishi wapi. Nikasema Tanga. Akaweka kalamu chini. Sheria inataka mtegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, la sivyo awe mkazi wa Kanada au Meksiko. Nchi hizo mbili alizitaja taratibu, tena akarudia, kama anayenipa nafasi ya kukumbuka shangazi aliyeko Meksiko. Sina.

Nikamtaja binamu, maana huyo yupo hapa hapa, na chumba hachangii. Akauliza anaingiza kiasi gani kwa mwaka. Mtegemezi wa namna yake hatakiwi kufikisha dola 5,050. Binamu anafanya kazi kiwanda cha mikate na anapita hapo kabla ya Machi kuisha. Naye akafutwa.

Nilikuwa na bahasha ya risiti: harusi, misiba, ada, tofali za msikiti. Akazitazama moja baada ya moja kwa heshima. Mchango unaotambulika ni wa taasisi iliyosajiliwa huku, na hata huo unamfaa tu anayeorodhesha gharama zake moja moja. Sisi wengine huchukua punguzo la kawaida, dola 14,600 kwa mtu asiye na ndoa. Hizo hazitozwi kodi ya mapato hata kama mwaka mzima hukumsaidia kiumbe yeyote.

Kisha akauliza kama nina mapato nje ya Marekani, kwa sababu mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Kumbe Tanga imo kwenye sheria. Imo upande wa kuingiza. Nikasema nina minazi ya urithi. Akauliza mwaka jana ilinipa nini. Minazi ile huvunwa na majirani. Akaandika sifuri.

Kuna pia swali kama nataka dola 3 ziende kwenye mfuko wa kampeni za urais. Ukijibu ndiyo au hapana, kodi yako ni ile ile. Hilo nililijibu haraka.

Tukaingia kwenye biashara. Kila maili ya kazi mwaka 2024 hupunguza mapato kwa senti 67, mradi umeandika tarehe, ulikokwenda na maili zenyewe. Daftari ninalo. Ukurasa wa Julai umeshikana na wa Agosti kwa mchuzi wa mteja, akaubandua kwa rula. Safari za kutoka nyumbani kwenda ghalani alizifuta zote. Kwenda kazini kila siku ni shauri lako. Zilibaki maili 4,300, sawa na dola 2,881. Faida ya biashara: dola 2,329.

Hapo ndipo nilipoelezwa kodi ya waliojiajiri. Ghalani, Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee) nakatwa nusu, nusu nyingine analipa mwajiri. Jioni mwajiri ni mimi, kwa hiyo nalipa pande zote mbili, asilimia 15.3 ya karibu faida yote. Inatoka dola 329, nje ya kodi ya mapato yenyewe. Akanionyesha kwamba nusu ya hizo naruhusiwa kuipunguza kwenye mapato. Nikashukuru kwa niaba ya mwajiri.

Mwisho akazungusha kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Nadaiwa dola 536. Nje zilikuwa zimebaki saa nne kabla ya kufuturu.

Jumatano, Machi 19
Amepiga mtu anasema yeye ni IRS, mamlaka ya kodi ya huku, na askari wako njiani, isipokuwa nimlipe kwa kadi za zawadi za dukani. IRS kwa kawaida huanza na barua, na haipokei kadi za zawadi. Binamu akachukua simu akamweleza shida zake. Mtu wa IRS amekata mwenyewe.

Jumapili, Machi 30
Idi. Nimempigia mama kumpa mkono wa Idi, nikamwambia hawanirudishii kitu, bali mimi ndiye nawalipa. Akanyamaza kidogo. "Kwani umewafanya nini?"

Jumatatu, Aprili 14
Nimelipa kutoka benki, siku moja kabla ya mwisho. Jirani anasema ningeomba nyongeza ya muda mpaka Oktoba 15. Nyongeza hiyo ni ya kupeleka fomu. Deni lenyewe linaanza riba baada ya kesho. Akasema kwa hiyo wamekuongezea muda wa kuandika unachodaiwa. Ndiyo.

Jumatano, Aprili 16
Binamu ameuliza kama W-2 ni ile karatasi iliyokuwa chini ya kikapu cha nguo chafu. Ndiyo. Tumepiga hesabu juu juu: kiwandani wamemkata kupita kiasi, na anaidai serikali karibu dola mia tisa. Asiyedaiwa kodi hatozwi faini ya kuchelewa, na ana miaka mitatu ya kudai chake. Nimemsomea hayo mara moja tu, akaelewa. Jioni nimemkuta anaangalia bei za televisheni.