Binti Mfalme Hakuletewa Keki

Saa moja jioni ni saa ya taarifa ya habari. Nyumba zote za jirani hapa Mokowe zalijua hilo, isipokuwa yangu. Kwangu mimi saa moja ni saa ya sungura mwenye upanga.

Runinga nimenunua mimi, dikoda nalipia mimi, na hata mkeka wanaolalia kifudifudi niliubeba begani mwenyewe kutoka jetini. Lakini nikinyoosha mkono kuitaka rimoti naambiwa, "Babu, ngoja kidogo, binti mfalme hajaokolewa." Jana hajaokolewa. Juzi hajaokolewa. Mawaziri wanabadilishwa Nairobi, mimi habari nazipata kesho yake kwa wachukuzi wa mizigo, tena zikiwa zimeshatiwa chumvi.

Basi jioni moja umeme haukukatika, nikaamua nami niikodolee macho katuni yenyewe nione kinachonikosesha haki yangu. Zimwi limemfungia binti mfalme juu ya mnara. Sungura hana nguvu za kupigana, kwa hivyo anavaa mavazi ya mpishi na kuja mlangoni akisukuma keki kubwa kushinda mkokoteni wa punda. Walinzi wanakula, wanasinzia wima, funguo zinachomolewa, na binti mfalme anateremka kwa kamba ya mapazia. Kazi yake yeye tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa kuchana nywele na kupiga mayowe dirishani. Hata fundo la kamba kafungiwa.

"Hii hadithi ni yetu," nikawaambia wajukuu, "ila walioichukua wameigeuza juu chini. Keki hiyo ni mkate, na aliyefungwa alikuwa mwanamume."

Walinitazama kama mtu aliyesema sungura hana masikio.

Haya, ni nani kwenye pwani hii asiyelijua jina la Fumo Liyongo? Kaburi lake laonyeshwa huko Kipini, ukikata kutoka Witu kuelekea baharini, na Pate, kulikokuwa na mfalme aliyemwogopa, mashua zaenda kila siku, mradi maji yajae katika mkondo wa Mkanda. Kisa chake kiliandikwa kwa utenzi na Muhamadi Kijumwa, mtu wa Lamu, mwaka 1913. Liyongo, jitu la mtu, hodari wa mishale na wa mashairi, alitiwa ndani na kuwekewa walinzi usiku na mchana. Nani alimtoa? Si jeshi. Ni mama yake na kijakazi aitwaye Saada.

Saada alikuwa akipeleka chakula, na walinzi kila siku wakila kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo akamwimbia maneno ya mafumbo apeleke kwa mama: uokwe mkate wa wishwa, ndani yake mtiwe tupa. Mama akaelewa papo hapo. Akaoka na mikate mizuri, ikawekwa pamoja na ule mbovu. Walinzi wakaitazama, wakala ile myeupe, na ule wa wishwa wakamtupia mwenyewe huku wakicheka. Kisha Liyongo akaomba ngoma ya gungu ipigwe aagane na dunia, na wakati watu wanapuliza siwa na kugonga matoazi, yeye ndani anakata minyororo na hakuna anayesikia tupa.

"Wishwa ndiyo nini?" akauliza mjukuu wangu wa kike.

Ndiyo yale makapi ya unga yaliyo katika ule mkate ambao daktari amenitaka niule kwa ajili ya sukari, na dukani wanauuza ghali kuliko mweupe. Nilipolisema hilo nilijisikia uchungu kwa niaba ya Liyongo. Hila ile leo haifanyi kazi kabisa. Mlinzi wa siku hizi ana presha, ana kitambi, amekatazwa unga mweupe. Angeunyakua huo wa wishwa kwanza na kuvunja meno kwenye tupa, na Liyongo angekuwa ndani mpaka leo.

Kaka yake akasema huyo ni mmoja tu, katuni ziko nyingi. Nikaona dharau. Nikavuka bahari mpaka Unguja.

Oktoba 1859, Sayyid Barghash amezingirwa nyumbani mwake na askari wa ndugu yake, Sayyid Majid, aliyekuwa sultani. Dada zake Khole na Salme, huyu Salme akiwa na miaka kumi na mitano na ndiye karani wa njama nzima ya kumpindua Majid kwa kuwa alijifunza kuandika, wakaenda na kundi la wanawake mpaka mlangoni. Wakawafokea askari mpaka askari wakaona aibu kuwazuia mabinti wa marehemu sultani, Sayyid Said. Wakaingia, wakamvika Barghash nguo za kike yakabaki macho tu, na wanawake warefu wakatembea ubavuni mwake urefu wake usionekane. Wakatoka naye. Mpango wenyewe baadaye uliharibika na Barghash akapelekwa Bombay, lakini pale mlangoni palipita mwanamume mzima katikati ya walinzi kwa hila za wasichana.

"Na Salme alifungwa mnarani?"

Salme naye alitaka kuondoka Unguja mwaka 1866. Hakungoja sungura. Aliingia katika sherehe za mwaka, wanawake wanaposhuka pwani usiku kuoga, akaoga mpaka ndani ya mashua ya manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaishia Aden. Wakaniuliza alifuata nini huko. Nikasema alikuwa na shughuli zake. Mke wangu akakohoa jikoni kikohozi ambacho si cha mafua.

"Na yule kaka yake alimlipa nini?" akadakia kutoka huko huko. Yeye kisa anakijua, alitaka tu niseme kwa kinywa changu.

Nikasema. Barghash alitawala kuanzia 1870, na Salme aliporudi 1885 kudai urithi wake, hakutaka hata kumwona.

"Haya," akasema, na sufuria ikatuliwa kwa kishindo ambacho sijui kilinihusu vipi.

Nilidhani sasa nitapata habari zangu. Wapi! Rimoti waliitupa, naam, lakini wakaanza mchezo. Mvulana akafungwa buibui la bibi yake, nyusi zikabaki nje. Dada yake akawa Khole, na kwa kufoka hakuhitaji kufundishwa. Watoto wa jirani wawili waliokuwa warefu wakawekwa ubavuni. Mlinzi ni mimi. Nilipewa ufagio niushike kama bunduki, nikaambiwa nisimame baina ya sebule na runinga, nikiipa mgongo, maana mlinzi haangalii nyuma. Habari nikazisikia kwa kisogo, na kila mara waziri akianza kusema, "Khole" ananifokea kwamba sina adabu, nimzuie binti wa sultani?

Walipita na mkate wa sinia mzima chini ya buibui. Nikasema hata mlinzi ana haki ya kula, wa Liyongo walikula ile mizuri. Wakashauriana, wakaenda jikoni kwa bibi yao, wakarudi na kipande cha wishwa.

Nimekikagua kwanza.