Ukitaka Kuona, Ongeza Mafuta

Taa ya pikipiki ndogo haina huruma na mwoga. Katika nyingi ya pikipiki hizi, taa ya mbele haitegemei betri; inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwa koili ya magneto ndani ya injini. Injini ikinguruma, taa inang'aa. Injini ikitulia, taa nayo inasinzia, inabaki na wekundu wa strungi. Kwenye lami hilo si tatizo. Lakini huku kwetu Oldonyiro, ambako lami ni kitu tunachokutana nacho tukienda Nanyuki, maana yake ni hii: ukiogopa shimo ukapunguza mwendo, shimo linapotelea gizani. Ukitaka kuliona vizuri, sharti ulifuate kwa kasi. Utaliona. Tena utaliona kwa karibu.

Tembo ndiye hesabu ngumu zaidi. Ukimkuta kwenye njia ya Kipsing usiku, wenyeji wanakushauri usimame na usipige kelele. Haya, umesimama, taa imefifia, na tembo mzima ametoweka mbele ya macho yako. Ili uhakikishe bado yuko palepale, itabidi uvute mafuta injini ingurume, jambo ambalo tembo anaweza kulichukulia kama matusi. Mimi hukaa gizani nikisikiliza matawi yakivunjika, nikijipa moyo kwamba anayekula hana haraka.

Hayo ni maumbile ya pikipiki, si ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulipokuja, taa ilianza kuzima kila nikikata kona ya kulia. Kushoto mwanga, kulia giza. Halafu ikaongeza tabia: nikiwasha indiketa, taa ya mbele nayo inakonyeza. Kwa mwalimu anayepita usiku mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, kukonyeza si jambo dogo.

Nikaipeleka soko la mifugo, na huko Oldonyiro nzima ikageuka gereji. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, pikipiki zikafika hadi manyatta; fundi wa waya hakuja nazo. Kwa hiyo kila mtu huku amejifunza kidogo. Mwenye bodaboda mmoja akasema ni balbu. Mwingine akaapa ni betri. Mzee mmoja aliyekuwa ameuza mbuzi akaichungulia ile taa kama anayekagua meno, akatangaza kwamba mnyama huyu amezeeka, kisha akanitajia bei ya kuinunua. Haikufikia bei ya beberu wake.

Balbu tukabadilisha, wapi! Tukafungua kifuniko cha fyuzi, na fyuzi hatukuikuta. Palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa kwa ustadi na aliyeimiliki pikipiki kabla yangu. Sina amani na karatasi hiyo. Fyuzi ya ampea 10 imeajiriwa ife kwanza ili nyaya zipone. Karatasi ya sigara hukawia kufa, na ikikawia sana nyaya ndizo zinazotangulia.

Wa mwisho kuja alikuwa kijana mmoja kimya, mkononi ana balbu kuukuu ya indiketa iliyofungwa vipande viwili vya waya. Hiyo ndiyo tasta yake. Akaniambia niwashe injini, akachomoa plagi nyuma ya taa, akagusisha waya mmoja wa tasta kwenye umeme na wa pili kwenye chuma cha chesisi: ikawaka. Akauhamishia ule wa pili kwenye waya wa athi: kimya.

"Mwalimu, umeme unakuja vizuri," akasema. "Shida yake haurudi."

Akapapasa fungu la nyaya pale kwenye shingo ya usukani, panapojikunja kila ukipiga kona, akavuta waya mmoja mweusi taratibu. Ganda likavutika. Nje mzima, ndani shaba imekatika: usukani ukienda kushoto ncha zinagusana, ukienda kulia zinaachana. Na indiketa je? Umeme ukikosa njia yake ya kurudi huomba njia kwa balbu za jirani, na jirani akiwakawaka, mgeni naye anawakawaka. Mimi nafundisha sayansi, na saketi naichora kila mwaka. Ubaoni usukani haukunjwi.

Akamenya ganda kwa meno, akaunga kipande cha waya mwekundu wa redio kwenye ule mweusi, akakiacha kilegee kidogo ili shingo ipate nafasi, akazungusha tepu. Fundi atakayefuata atanilaani kwa hizo rangi. Nikakunja usukani kulia: mwanga!

Usiku nikaondoka nikiwa mfalme. Taa inang'aa ajabu, ila wakati wa kukazwa ilielekezwa juu. Naona vilele vya migunga vyote, naona na vichwa vya twiga. Barabara ndiyo siioni. Asubuhi nikamrudia yule kijana.

"Hiyo ni nati, mwalimu," akasema. "Mimi ni fundi wa waya."