Nati za Upande wa Kushoto

“Mnakaza,” mzee akasema, kijiti cha kuchokolea meno kikiwa bado mdomoni.

Neno hilo moja alilitamka Jumapili iliyopita alasiri, ufukweni Dunga, mbele ya kila aliyekuwa ametoka mjini kuja kula samaki. Kabla ya kulitamka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Aliagiza ngege wa mchuzi na ugali, akamla, akahamia kichwani, akanyonya macho, akanawa, akaletewa soda, akafungua gazeti, na kila akipindua ukurasa alikuwa anatuchungulia juu yake. Nilidhani anatuonea huruma. Kumbe tulikuwa sinema yake.

Sisi tulikuwa juu ya paipu. Wili spana ilikuwa imeng’ata nati ya tairi la nyuma la kushoto la Bedford MK, lori la jeshi la tani nne lililozeeka kambini na kustaafu kwa mnada. Kwenye mpini wa spana tulikuwa tumechomeka paipu ya chuma ndefu kuliko mtu, na kwenye paipu walining’inia wavuvi wa mashua mbili, taniboi wetu, kijana mmoja wa chuo aliyekuja na mchumba wake kutazama viboko, na mimi. Fundi alikuwa anahesabu. Akifika tatu, wavuvi wanaanza wimbo wa kuvuta nyavu, sote tunajitupa kwa uzito wetu, paipu inapinda, nati inatulia.

Asubuhi upande wa kulia ulikuwa umefunguka bila ubishi, tukapaka grisi, tukarudisha, tukajisifu. Ndiyo maana upande wa kushoto tuliuchukulia kuwa ni wa kutu tu. Tuliumwagia dizeli. Tukaumwagia mafuta taa. Tukauchoma kwa gesi hadi rangi ya jeshi ikababuka na kunuka. Mama mmoja anayeanika omena karibu na pale alishauri soda, nasi tukaimwaga, maana kufikia saa saba mtu hukubali ushauri wowote. Ilipokatika bolti ya kwanza, makorongo yote yaliyokuwa yamejipanga juu ya paa la banda la samaki yaliruka kwa mpigo, na watu mezani wakapiga makofi wakidhani tumefaulu. Ilipokatika ya pili hawakupiga. Mchumba wa yule kijana alikuwa anatupiga video.

“Jaduong’, unasemaje?” fundi akauliza.

“Nasema mnakaza. Bedford huku kushoto hufunguliwa kwa upande mnaoutumia kukazia. Nimebeba miwa ya Miwani kwa Bedford hadi mgongo ukakataa.”

“Sasa mbona hukutuambia tangu asubuhi?”

“Mliniuliza, wanangu?”

Tukageuza spana. Kwa kuwa nati ile ilikuwa imekazwa na nusu ya wavuvi wa Dunga, haikutoka kwa kidole; ilihitaji paipu ile ile. Lakini ilihitaji watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa yule mchumba, aliyeiweka simu kwanza kwenye mkoba.

Halafu ikaja aibu juu ya aibu. Mzee alichukua kitambaa, akafuta ncha ya bolti, akatuonyesha herufi L iliyogongwa kwenye chuma. Kila bolti ya upande ule inayo. Fundi alikuwa ameiona mapema, na aliniambia, kwa uhakika wa mtu mwenye cheti, kwamba L ni Leyland. Juu ya Bedford.

Kuna wanaotaka nikiri kuwa nilikosea. Mimi nilishika paipu nilipoambiwa nishike. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu ya ile video na kwa sababu ya swali: mtu mwenye akili timamu anaundaje gari ambalo nusu ya nati zake hufunguka kinyume? Nilichora magurudumu nyuma ya risiti ya dizeli mpaka nikapata jibu, na jibu lenyewe ni tamu kiasi kwamba karibu niwasamehe walioliunda.

Simama upande wa kushoto wa gari linaloenda mbele, ulitazame gurudumu. Linazunguka kinyume cha mshale wa saa. Nenda upande wa kulia: linafuata mshale wa saa. Sasa, nati haikai kwenye kitundu chake kwa ukamilifu tunaoudhani. Pana nafasi pale, nyembamba kuliko unywele, na uzito wa gari hauikandamizi nati mahali pamoja. Gurudumu likizunguka, mgandamizo nao unaizunguka nati: juu, ubavuni, chini, ubavu wa pili, juu tena. Basi nati inabiringika ndani ya kitundu, kwa hatua ambayo jicho haliioni, na hatua hiyo huelekea kule kule gurudumu linakozunguka. Kulia, inajikaza yenyewe. Kushoto, nati ya kawaida ingejifungua yenyewe. Kwa kilomita moja hutajua. Kwa kilomita mia kadhaa za mashimo, unaweza kuliona tairi lako likikupita na kushika njia ya bondeni. Wahandisi wakaamua kuukata uzi wa bolti za kushoto kinyume, ili safari yenyewe iwe ndiyo inayokaza nati. Malori ya siku hizi yameuacha mtindo huo, pande zote mbili nati zao hufunguka sawa, na ndiyo maana fundi kijana anaweza kufanya kazi miaka bila kukutana na L hata mara moja.

Kinachoniuma ni kwamba elimu hiyo ilikuwa imejaa pale ufukweni. Pedeli ya kushoto ya baiskeli yoyote ina uzi wa kinyume, kwa sababu hiyo hiyo. Kisumu ni mji uliobebwa na boda boda za baiskeli kabla pikipiki hazijazifukuza, na nusu ya wanaume waliokuwa wanatucheka waliwahi kufungua pedeli ya kushoto ya Black Mamba kwa mikono yao. Hakuna aliyewaza kwamba lori la jeshi na baiskeli ya kubebea mkate wana babu mmoja. Bolti mbili zilizokatika zilipelekwa kwa mchonga vyuma mjini, naye akazichonga upya kwa uzi wa kulia. Zilirudishwa kwake.

Wa kumlalamikia hayupo. Jeshi la Uingereza lilianza kuitumia MK mwanzoni mwa miaka ya 1970 badala ya Bedford RL. General Motors, waliokuwa wenye Vauxhall na Bedford yake, waliachana na kiwanda cha malori cha Dunstable mwaka 1987, na mrithi wao akafilisika mwaka 1992. Vipuri tunavyopata vimetolewa kwenye maiti za Bedford nyingine.

Lori hili tunaliandaa kwa safari ya kupeleka mtumbwi. Umeundwa hapa Dunga, wa mbao, na unasubiriwa Kalokol, kwenye ziwa Turkana, na wavuvi ambao baadhi yao walitoka huku huku kwetu. Kutoka ziwa hadi ziwa ni barabara moja, A1: Kakamega, Webuye, Kitale, Kapenguria, kisha inaporomoka hadi Marich, inapita Kainuk na Lokichar hadi Lodwar, na pale unaiacha na kukata kulia kuelekea majini. Wenzetu walituonya kwamba Kalokol ina desturi ya kumeza mipango mizuri. Wanorwe walijenga huko kiwanda cha kugandisha samaki, kikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kikafungwa. Lakini mtumbwi hauhitaji umeme.

Tena sisi si wa kwanza kusafirisha chombo cha majini kwa nchi kavu katika sehemu hii. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, na vipande hivyo vikapanda bara, vingi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kwa sababu reli ilikuwa haijafika. Iliagizwa mwaka 1895 na ikashushwa majini hapa Kisumu mwaka 1900. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, meli ikiwa tayari inaelea. Nikiudhiwa na matayarisho yetu huwakumbuka wale wapagazi, ambao hakuna aliyeandika majina yao ubavuni mwa meli, na huwaza kwamba angalau wao hawakuhitaji kufungua tairi.

Mengine yaliyotupata nitayataja tu. Umeme wa gari la jeshi ni volti 24, betri mbili zilizofungwa mfululizo. Balbu za volti 12 tulizouziwa ziliwaka vizuri ajabu kwa muda wa kupiga picha moja. Redio iliifuata njia ya balbu. Hewa iliingia kwenye mfumo wa dizeli, na hewa, tofauti na dizeli, hukubali kubanwa, kwa hiyo pampu inasukuma, hewa inajikunyata, na nozo hazipati tone. Tukaitoa kwa kulegeza skrubu na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yakakoma, jambo ambalo lingekuwa la kupendeza kama dizeli isingekuwa bei hii. Askari wa kizuizi kimoja alitaka kujua kwa nini raia wanaendesha gari la kijani la namna ile, tukalipaka bluu, na askari wa kizuizi hicho hicho akataka kujua kwa nini tumebadilisha rangi. Kijana mmoja aliyesikia kwamba injini ya MK iliundwa ikubali mafuta ya namna nyingi aliuliza kama litakunywa mafuta ya mbuta. Mama wa omena akaanika omena juu ya turubai letu jipya. Bado linanuka.

Raba za breki ni habari nyingine, na hapo sina mzaha.

Breki za MK hufanya kazi kwa hewa na mafuta. Hewa iliyoshindiliwa inasaidia kuyasukuma mafuta ya breki, mafuta yanasukuma pistoni kwenye gurudumu, pistoni inasukuma viatu vya breki dhidi ya ngoma. Kinachozuia mafuta yasitoroke kando ya pistoni ni kikombe cha raba unachoweza kukificha kwenye kiganja. Tani nne za mzigo, uzito wa lori lenyewe na watu waliomo, vyote vinategemea raba hiyo. Tulinunua seti nzima katika duka moja, zikiwa ndani ya boksi safi lenye maandishi ya dhahabu na stika ya kung’aa ya kuthibitisha kwamba si feki.

Fundi, yule yule wa Leyland, alifanya jambo ambalo kwalo nimemsamehe yote. Kabla ya kuzivalisha alichukua raba moja akaitumbukiza kwenye glasi ya mafuta ya breki, akaiacha ilale. Asubuhi ilikuwa imefura na kulegea, haiingii tena kwenye silinda yake. Mpira usiofaa ukilowa mafuta ya breki huvimba; ungevimba ndani ya gurudumu, tusikokuona, tukiwa mahali fulani kwenye mteremko wa Kapenguria, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hewa tupu.

Nilirudi dukani na glasi yangu. Mwenye duka aliitazama kwa utulivu, akaniambia kwamba wengine wananunua na hawarudi kulalamika. Nilisimama pale nikiitafakari sentensi hiyo. Hawarudi. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori moja liliacha njia na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakiuza na kununua vitu vya kawaida. Sisemi raba ndiyo iliyowaua. Nasema kila baada ya msiba wa namna hiyo tunahubiriwa mwendo kasi na uchovu wa madereva, na hayo ni kweli, lakini sijaona mtu akitoka na glasi kwenda kuzunguka madukani. Dereva hushtakiwa akiwa hai, na akifa hulaumiwa kaburini. Boksi lenye maandishi ya dhahabu hubaki rafuni likisubiri mteja mwingine. Pesa sikurudishiwa. Nilipewa boksi la pili, bure, la raba zile zile.

Raba halisi zimepatikana Nairobi kwa bei ya kuuma, zimekuja kwa basi la usiku, zimelala kwenye glasi na kuamka zilivyolala. Breki zimefungwa. Dereva naye amepatikana, mtu wa Kitale anayeijua njia ya Lodwar gizani. Ametaka nusu ya malipo mkononi, ametaka tusilale Kainuk, na ametaka mtumbwi upakiwe kinyumenyume, tezi likae juu ya kibini na omo itokeze nyuma, kwa sababu tezi ni pana na likiwa nyuma litafagia matatu kwenye kona. Masharti mawili ya kwanza tumekubali. Hilo la tatu lina ubishi mpaka sasa. Seremala aliyeuunda mtumbwi anasema chombo chake hakitaondoka Dunga kikitanguliza matako, hata kikiwa juu ya lori, na dereva anasema basi seremala aje aendeshe.