Lifti Ipo, Ila Haipandi

Kosa langu lilikuwa kutamka mezani, kwa sauti, kwamba bonasi ya chai imeingia. Kwetu Mogogosiek, Oktoba ni mwezi wa siri. Watu wakikutana kwenye kituo cha kupimia majani hulalamikia magoti, mbolea na mvua ya mawe, ili mtu asije akaombwa mkopo kabla hajafika nyumbani. Na bonasi yenyewe haikuwa ya kutangaza. Kama kawaida, wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa walikuwa wamelipwa zaidi yetu, utadhani mvua yao hunyesha na maziwa ndani. Lakini mimi nilikuwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba husema mengi. Nikasema Desemba tutakwenda Mombasa sote, wazee kwa watoto.

"Sote" ikageuka kuwa watu tisa. Kugo na Gogo, yaani babu na bibi, ni wazazi wangu, ingawa tangu wanangu waanze kusema hakuna anayewaita vingine. Kulikuwa na mke wangu na watoto wetu watatu. Kulikuwa na mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye alihesabiwa kwa sababu ndiye anayeielewa simu. Na kulikuwa na Senge, dada yake Kugo, ambaye hakualikwa na mtu yeyote, ila kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa ameshapeleka kitambaa kwa fundi.

Hoteli tuliiondoa mapema. Kugo aliuliza bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja, akatafakari, kisha akauliza kama bei hiyo ni pamoja na ng'ombe. Ikabaki nyumba ya kupanga kwa siku, hizi ambazo vijana huziita bienbii. Unafungua programu kwenye simu, unatazama picha, unachagua, unalipa. Mpwa wangu alisema ni kazi ya dakika kumi. Ilituchukua majuma sita.

Kila mtu alikuwa na sharti lake. Gogo hataki ngazi. Goti lake la kushoto lilistaafu kabla yake. Tena anataka jiko lenye sufuria ya maana, kwa sababu kimyet, yaani ugali, hakisongwi kwenye kibakuli cha kuchemshia mayai. Senge hataki kulala karibu na muziki, na anataka kanisa ambalo mtu anaweza kulifikia kwa miguu bila jasho. Sharti hilo la jasho lilionyesha kwamba hajawahi kufika Mombasa. Watoto walitaka bwawa la kuogelea. Mpwa alitaka intaneti.

Mke wangu alitaka mabafu mawili, na hapo hakutaka mjadala. "Mimi," alinieleza chumbani kwa sauti ya chini, "siwezi kutoka bafuni nimejifunga leso, nikutane na baba mkwe ameketi sebuleni anasikiliza habari." Nikamwambia Kugo haoni vizuri. Akaniambia hilo ndilo linalomtisha, maana atauliza, "Ni nani huyo?"

Kugo alikuwa na sharti moja tu: nyumba iwe karibu na mahali chai yake inapouzwa. Alipanda miche yake ya kwanza mwaka 1971. Tangu hapo amekuwa akipeleka majani kituoni, lori linayabeba hadi kiwandani, na kutoka hapo yanaelekea kwenye jina tu: "mnada wa Mombasa". Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, kwa hiyo chai ya Kugo haikuukuta Nairobi. Imefika pwani zaidi ya miaka hamsini kabla ya mwenyewe. Alitaka kuona nyundo ikigongwa.

Tatizo ni kwamba majengo yenye mabwawa yamejaa Nyali na Bamburi, upande wa bara, na mnada uko kisiwani, Nyerere Avenue. Tukapiga kura. Watoto walikuwa wengi, lakini Kugo akakumbusha kikao kwamba wanaopiga kura ni wenye vitambulisho.

Basi tukageukia nyumba za kisiwani, na hapo ndipo nilipojifunza lugha ambayo sikufundishwa shuleni. "Inalaza watu kumi" maana yake ni vitanda vitatu, kochi, na imani. "Mtaa uliochangamka" ni baa. "Mtaa tulivu" ni mahali ambapo hata bodaboda hafiki. "Ya kisasa" ni kwamba ukuta kati ya jiko na sebule ulibomolewa, na sasa mkaanga samaki na mtazama taarifa wanavuta moshi mmoja. Picha nazo zina uchawi wake. Tuliipenda sana nyumba moja ya vyumba vitatu hadi binti yangu wa miaka kumi alipoinua simu na kusema, "Baba, huu mto una doa lilelile." Tukatazama. Chumba cha kwanza, cha pili na cha tatu vyote vilikuwa na mto wenye doa la umbo la jembe. Kilikuwa chumba kimoja kilichopigwa picha kutoka pembe tatu, shuka zikibadilishwa.

Ya Ganjoni ilionekana ya kweli. Vyumba vitatu, mito tofauti, mabafu mawili, ghorofa ya nne, lifti ipo, bahari dakika tano, shilingi 6,500 kwa usiku. Nilimpigia mwenye nyumba, mtu wa maneno laini sana. Nilikuwa karibu kumaliza Kugo alipoomba simu, akamhoji kama anayenunua mtamba.

"Ina umri gani?"

"Jengo ni la juzi tu, mzee."

"Na mbona unaiuza?"

"Siuzi, mzee wangu. Napangisha."

"Waliokuwamo kabla yetu waliondoka kwa nini?"

"Siku zao ziliisha."

Kugo alifunika simu kwa kiganja, akatugeukia kwa uso mzito. "Anasema walikufa."

Ilibidi mpwa aeleze mambo upya. Nikatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa siku hiyohiyo, kabla Kugo hajaomba kuona meno ya jengo.

Safari yenyewe siisimulii yote. Tulishuka kwa matatu ya kukodi kupitia Bomet na Narok, tukalala kwa ndugu Nairobi, na kesho yake tukawa Syokimau kupanda treni ya SGR. Kule mizigo hupangwa mstari, wenye mizigo wakasimama mbali, mbwa akapita akinusa. Mbwa alipita begi la Senge, akapita mfuko wa unga wa posho, akafika kwenye sotet ya Gogo, kibuyu chake cha mursik. Akasimama. Akanusa. Akaketi.

"Hii ni nini, mama?" askari akauliza.

"Ni maziwa."

Askari akafungua kifuniko, akachungulia. "Mbona yana makaa?"

Hapa msomaji asiyetoka kwetu aelewe kwamba mursik bila makaa ya mti wa senetwet ndani ya kibuyu ni maziwa yaliyoharibika tu. Gogo alimtazama yule kijana kama anayeulizwa kwa nini mtoto wake ana pua. Kwa bahati, askari wa pili alikuja, akacheka: "Si ndiyo ile wanariadha hupewa uwanja wa ndege!" Tukaachiwa. Joto la njiani likaendelea kuichachua mursik bila huruma, na tulipokuwa tunapita Mtito Andei kizibo kikaruka kwa mshindo. Bwana mmoja wa kiti cha nyuma akalala chini. Senge akaanza kuomba.

Tulifika Ganjoni usiku, kila mmoja amevaa sweta. Ni mazoea. Kwetu ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mtu hatoki usiku bila sweta, hata kama nguo inamganda mgongoni. Askari wa getini alitusaidia mizigo hadi mlango wa lifti. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kupitia ufa tuliona ndoo mbili, mopu na baiskeli.

"Tangazo lilisema lifti ipo," nikamwambia.

"Ipo," akajibu kwa upole. "Ila haipandi."

Sikuwa na la kujibu. Hakuna neno la uongo lililokuwa limesemwa.

Gogo alipanda. Alipanda ngazi saba, akapumzika, akapanda nyingine, akapumzika. Nilisubiri anilaani, lakini kila alipopumzika kulikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu. Ghorofa ya kwanza alipewa maji ya baridi. Ghorofa ya pili kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyemtolea kiti na mahamri, wakaanza kuulizana habari za magoti. Sisi wengine tulikuwa tumeshafungua mizigo, tumegawana vitanda na kugundua kwamba bafu la pili ni choo chenye bomba la mvua juu yake, na Gogo bado hajafika. Alipoingia alikuwa na mahamri sita ndani ya leso na anajua bei ya kodi ya kila nyumba.

Asubuhi aliteleka chai. Majani tuliyobeba yalikuwa ya kiwandani kwetu, maziwa tulinunua dukani, maji ya mfereji. Kugo akanywa funda moja, akaweka kikombe chini.

"Nani ametia chumvi badala ya sukari?"

Hakuna aliyetia. Mke wangu akaonja, Senge akaonja, watoto wakakimbilia sinki. Ilikuwa chai ya chumvi, chai ya mtu anayelia ndani ya kikombe. Nikaenda kulaumu sukari ya duka. Gogo akashuka ghorofa ya pili, akarudi na jawabu: "Yule mama anasema, 'Maji ya mfereji hapa ni ya kisima, ni ya chumvi, hayapiki chai. Maji matamu huja na mkokoteni.'" Baadaye nilielezwa vizuri. Mombasa huletewa maji kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, lakini mji umekua na bomba halikukua, basi wenye majengo huchimba visima. Majuma sita ya kikao tuliuliza habari za lifti, muziki, mito na marehemu. Hakuna aliyeuliza maji. Kwetu mvua hugonga bati karibu kila alasiri. Kuuliza kama nyumba ina maji ni kama kuuliza kama ina hewa.

Bahari ilikuwa dakika tano kweli. Ila ilikuwa bahari ya Kilindini, yenye meli, kreni na honi. Watoto walisimama na maboya yao viunoni wakitazama makontena. Ilibidi tuwapandishe matatu hadi Bamburi, kwenye mchanga, na nauli ya siku nne ingetupa lile bwawa la Nyali mara mbili. Kugo peke yake aliridhika. Aliketi pale juu ya bahari ya meli, akahesabu makontena, akisema kila la tano ni lake.

Mnada nao? Tulimpeleka Nyerere Avenue akiwa amevaa koti na kofia ya harusi. Mlinzi mmoja, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Shikamoo mzee. Siku hizi hakuna nyundo. Tangu 2020 wanauziana kwa kompyuta." Kugo akauliza kompyuta iko wapi. Kijana akasema kila mnunuzi ana yake, ofisini kwake. Kugo akatazama lile jengo kwa muda mrefu, kisha akasema basi angeliweza kubaki nyumbani, nako kuna kompyuta katika shule ya msingi.

Nikamwingiza kwenye mkahawa apoe. Mhudumu akauliza, "Ya maziwa au mkandaa?"

"Mkandaa ni nini?"

"Ni hii kavu, isiyo na maziwa. Mkandaa ni mti wa baharini, mzee, magome yake hutoa rangi kama hii."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni jina tu, kwamba ndani ya kikombe ni majani ya chai kama yake. Hakusikia. Alirudi Ganjoni kimya, akawakusanya watu wote sebuleni na kutangaza kwamba amechuma majani miaka hamsini, na huku pwani wanakunywa magome.

Siku ya mwisho Gogo aliuvizia mkokoteni tangu alfajiri. Tulinunua mtungi mmoja wa lita 20, muuza maji mwenyewe akaupandisha ghorofa zote nne begani bila kupumzika hata mara moja, jambo lililomuudhi Gogo kidogo. Chai ikapikwa. Ilikuwa chai hasa, ile ya nyumbani, na tuliinywa tukitiririka jasho, masweta yakiwa yametundikwa dirishani kama wageni waliokata tamaa. Muuza maji akapewa kikombe. Akanywa, akafumba macho, akasema hajawahi kunywa chai kama hiyo.

Kugo alijinyoosha kitini. "Na mtungi wako ni pesa ngapi?"

"Hamsini, mzee."

Niliona midomo yake ikihesabu. Kilo moja ya majani mabichi, iliyochumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi, humletea shilingi 20 na ushee mwisho wa mwezi, na kilichobaki hungojwa hadi Oktoba.

"Haya maji," akauliza, "mnayapanda kwa mbolea gani?"

"Hayapandwi, mzee. Tunayachota tu."

Kugo akageuka, akanitazama mimi, kwa jicho la mtu aliyedanganywa tangu 1971.